Bega la Fundi Sadalla

Kwenye mtihani wa kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, Samiha Sadalla alipata alama themanini na nane kwa mia. Hatua zote tisa aliziandika kwa mpangilio wake, akachora na mishale. Jumatatu ya wiki ya pili ya mafunzo kwa vitendo hospitalini Tanga, alipotakiwa kumhamisha mgonjwa wa kweli, mgonjwa alikaa chini sakafuni.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Mzee Yona, mkata mkonge mstaafu, mtu wa miraba minne, mguu wake wa kulia umelegezwa na kiharusi. Wanafunzi ishirini na wawili wa tiba ya viungo walikizunguka kitanda, wale wa nyuma wakinyoosha shingo. Samiha alikumbuka hatua ya kwanza: mweleze mgonjwa unachotaka kufanya. Akamweleza. Hatua ya pili: funga breki za kiti cha magurudumu. Akafunga. Hatua ya tatu ilimtaka amshike mgonjwa, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui amshike wapi. Kwenye slaidi za chuo mikono ya mtaalamu huonekana imekwisha kushika. Imefikaje pale, hakuna aliyewahi kuonyesha. Akapenyeza mikono kwapani na kuvuta. Mzee akanyanyuka nusu, goti likamkunjika, uzito wote ukamjia Samiha kifuani, naye badala ya kusogea karibu akarudi nyuma.

Kama si Bi Bertha, msimamizi wao pale hospitalini, aliyemdaka mzee kiunoni na kumshusha polepole, pengine leo tungekuwa tunasimulia mengine.

"Kukaa nimekaa," Mzee Yona akasema kutoka sakafuni, "ila si mahali ulipokusudia, binti."

Wodi nzima ikacheka, hata wagonjwa. Samiha naye alijaribu kucheka, midomo ikamkatalia.

Bi Bertha hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Lushoto, mwenye viganja vipana na miaka kumi na tisa ya kunyanyua watu wazito kuliko yeye. Baada ya mzunguko wa wodi alimwita Samiha kwenye chumba chake kidogo chenye magongo yaliyoegemezwa ukutani.

"Umewahi kumshika mgonjwa kabla ya leo?"

"Tumesoma, madam."

"Sikuuliza kusoma."

Samiha akatazama viatu vyake. "Bado, madam."

"Darasani mko wangapi?"

"Mia na arobaini. Tunakaa ukumbini, mwalimu anatumia projekta. Mwaka wa pili tulisoma zaidi kwa simu. Walimu wanatuma video, tunatazama, halafu tunajibu maswali."

"Na kitanda cha kujifunzia?"

"Kipo kimoja. Kiko ofisini kwa mkuu wa idara. Kinawekewa mafaili."

Bi Bertha akapumua kwa nguvu. Akavuta daftari la vitendo la Samiha, akalifungua kwenye ukurasa wa kuhamisha mgonjwa. Palikuwa na visanduku vitatu: ameona, amesaidia, amefanya. Kwenye cha kwanza akatia alama ya vema na saini.

"Hivi viwili vinabaki wazi. Una wiki tatu."

"Madam, bila hicho cha mwisho siruhusiwi kukaa mtihani."

"Najua. Na mimi nikitia saini, mwakani utapelekwa hospitali ya wilaya peke yako, na nyuma yako hatakuwepo mtu wa kudaka."

*

Nyumbani kwao Samiha, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, hakuna aliyejua habari za Mzee Yona. Pale Samiha alikuwa daktari. Miezi mitatu nyuma baba yake, Fundi Sadalla, alikuwa akipachika kola ya kanzu aliposikia mkono wa kushoto umekuwa kama si wake. Alilazwa siku kumi, akarudi na mkono unaoning'inia na mguu unaoburuta. Mwezi wa kwanza mkewe, Zuwena, alimpeleka kliniki ya mazoezi mara mbili kwa wiki. Samiha alipofunga chuo na kurudi nyumbani kwa likizo, safari zile zikakoma.

"Mtaalamu ninaye ndani," Zuwena aliwaambia majirani, kwa fahari ambayo Samiha hakuwa na ujasiri wa kuikatisha. "Nikapange foleni ya nini?"

Basi kila asubuhi Samiha alimkunja baba vidole na kumkunjua, akamsogeza kifundo, simu imesimamishwa kwenye mto ikionyesha video. Mazoezi mepesi. Kumsimamisha hakuthubutu. Hiyo kazi aliifanya mama, kwa kumkumbatia mumewe na kumbeba kama gunia, siku moja mgongo unauma, siku nyingine nyonga.

Jumatatu hiyo Samiha aliingia ndani na koti jeupe bado mwilini. Mama alikuwa uani anaosha vyombo. Baba amelala kitandani kwenye chumba cha mbele, kando ya cherehani iliyofunikwa shuka.

"Leo baba tunasimama," alisema.

"Leo?" Fundi Sadalla alimtazama. Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo, lakini maneno yalieleweka. "Kuna nini leo?"

"Hakuna kitu. Muda umefika tu."

Hakuita mtu amsaidie. Alitaka afanye mwenyewe, afute yale ya asubuhi. Alimketisha baba pembeni mwa kitanda, akauzuia mlango kwa kiatu usije ukampiga, akasimama mbele yake. Akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. Akahesabu moja, mbili, tatu, akavuta.

Fundi Sadalla alitoa sauti ambayo Samiha hakuwahi kuisikia kwake. Hakuwa mtu wa kulia. Sindano ya cherehani iliwahi kumpita kwenye ukucha akaomba tu kitambaa. Mama akaja mbio na povu mikononi.

"Nini? Nini tena?"

"Mkono umekufa ganzi," baba akasema haraka, amefumba macho. "Nimeulalia vibaya. Yamekwisha."

Samiha akamlaza, akamfunika. Usiku baba hakuomba ageuzwe upande wa kushoto. Na kesho yake pia hakuomba.

*

Jumanne Bi Bertha hakuwapeleka wanafunzi wodini. Aliwaingiza kwenye chumba cha mazoezi, akafunga mlango, akawagawa watatu watatu. Kundi moja likawa na wanne.

"Mmoja mgonjwa, mmoja mtaalamu, mmoja anatazama na kusema alichoona. Halafu mnabadilishana. Mgonjwa asimwonee huruma mtaalamu. Mkono umepooza, umepooza kweli."

Wapo walionung'unika. Katikati ya kazi simu ya Bi Bertha iliita, naye mikono ikiwa imemshika mtu, akabonyeza spika. Alikuwa Mwalimu Masoud, wa chuoni.

"Madam, nasikia vijana mnawachezesha maigizo huko. Wao wanatakiwa waone kesi arobaini kila mmoja. Wewe watembeze wodini, tia saini, mengine watayakuta kazini."

"Wameona vya kutosha, mwalimu," Bi Bertha alijibu. "Miaka miwili wanaona tu. Niachie wiki tatu."

"Mtihani hausubiri, madam."

"Na wagonjwa nao hawasubiri." Akaikata.

Samiha alifanywa mgonjwa kwanza. Walimfunga mkono wa kushoto kwa kanga ili asiutumie, wakamfungua alipoahidi kuulegeza mwenyewe. Mtaalamu wake alikuwa Nehemia, kijana mrefu wa Kibondei kutoka Muheza, aliyekuwa akifaulu kama Samiha na mwenye hofu kama yake. Nehemia alifanya lile lile. Akaushika mkono uliolegea, akahesabu, akavuta.

Maumivu yalimpasua Samiha kuanzia begani hadi shingoni. Akapiga kelele.

"Acha!" Bi Bertha alikuwa amekwisha kufika. "Hiyo umeshika kamba ya ndoo? Tuko kisimani?"

Nehemia akauachia mkono kana kwamba umemuunguza.

"Sogeeni wote." Bi Bertha akaweka kidole juu ya bega la Samiha. "Bega linashikiliwa na misuli. Mwenzenu huyu misuli yake ni mizima na bado ameumia. Mtu wa kiharusi misuli hiyo imelala. Ukimvuta mkono, unalitoa bega mahali pake, na maumivu yake yanaweza kukaa mwaka. Hivi vitu haviingii kwa macho. Mpaka mtu auvute mkono wako wewe ndiyo unaelewa."

Wengine walikuwa wakiandika. Samiha alikaa pale pale kwenye godoro, ameshika bega lake.

"Umeumia sana?" Nehemia akauliza. "Nisamehe, dada."

"Si wewe," Samiha akasema.

Siku tatu zilizofuata walishikana kutwa. Walijifunza kuikinga miguu ya mgonjwa kwa magoti yao, kupitisha mikono nyuma ya mabega mpaka kwenye mfupa bapa wa mgongoni, kumrudishia nyayo nyuma kidogo, kumwinamisha mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo makalio hunyanyuka yenyewe kama mtu anayetaka kusujudu. Samiha alishangaa kuona mwili wa binadamu unavyonyanyuka ukiujulia. Aliwasimamisha Nehemia na wenzake mara zisizohesabika. Ila wote walikuwa wazima, na kila alipofumba macho alisikia ile sauti ya baba yake.

*

Wiki ikaisha bila Fundi Sadalla kulala vizuri. Zuwena hakumwuliza tena binti yake. Jumamosi mchana Samiha alirudi kutoka sokoni akakuta viatu vya kike vya ngozi mlangoni na harufu ya mafuta ya karafuu. Bi Semeni wa Makorora, mkandaji, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha baba yake.

"Karibu, daktari," Zuwena alisema, na safari hii neno hilo lilikuwa na kejeli. "Baba yako haponi, nimetafuta mikono mingine. Usikasirike."

"Sikasiriki, mama. Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba, mwanangu."

Samiha alisimama mlangoni na kikapu cha nyanya, akitazama vidole vya yule mama. Havikuwa na haraka. Vilipanda kutoka kiganjani, vikapita kiwiko, vikafika begani, vikasimama. Bi Semeni akabonyeza kidogo tu, baba akakunja uso. Vidole vikaondoka, vikaenda mguuni, havikurudi juu tena.

Alipomaliza alimwomba Samiha maji ya kunawa. Kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, Samiha akimmiminia, Bi Semeni akasema kwa sauti ya chini:

"Ule mkono umevutwa."

Samiha akaendelea kumimina.

"Nilimuuliza baba yako nani kauvuta, akasema kaulalia. Mkono wa kulaliwa nao naujua." Akakung'uta viganja. "Mimi mguu nitaukanda, na mgongo. Bega siligusi. Lipelekeni huko kwenu hospitali."

"Mama hataki tena mambo ya hospitali. Anasema mimi ndiyo hospitali."

"Basi mwambie kwa nini aende."

Akachukua mtandio wake, akaaga, akaenda zake. Kwa Zuwena hakusema kitu.

*

Samiha alimshawishi mama yake kwa nusu ya ukweli. Alimwambia msimamizi wao ni bingwa wa mabega, atamtazama baba bila kupanga foleni. Jumatatu wakamleta kwa bajaji, Zuwena amemkumbatia mumewe njia nzima kwenye mashimo.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na wanafunzi saba tu. Wengine walikuwa wodini. Bi Bertha akamwamkia Fundi Sadalla, akaomba ruhusa ya kumshika, akasubiri mpaka aipate. Kisha akapapasa lile bega. Chini ya mfupa kidole chake kikazama.

"Mnaona? Pana nafasi. Bega limeshuka." Akamgeukia Zuwena. "Mama, nani anamfanyisha mazoezi huko nyumbani?"

"Nilijua!" Zuwena akapiga paja. "Ni yule Semeni! Mkandaji wa Makorora. Nilimwita Jumamosi, tangu siku hiyo ndiyo mzee hataki hata shuka limguse upande ule. Leo hii nikitoka hapa naenda kwake, atanitambua. Mtu umemkaribisha nyumbani kwako, anakuja kukuvunjia mume!"

Wanafunzi wakatikisa vichwa. Habari za wakandaji wanaoharibu viungo walikuwa wamefundishwa chuoni, slaidi nzima.

Samiha alimtazama baba yake. Fundi Sadalla alimtazama yeye, kisha akageuza macho dirishani. Kwa kugeuka kule Samiha alielewa kwamba baba amekusudia kunyamaza, leo na siku zote, na kwamba yeye akinyamaza pia, jambo litaishia kwa Bi Semeni. Mama angemfuata Makorora, angempigia kelele barazani kwake mbele ya watu. Na Bi Semeni, vile alivyo, labda angenyamaza na yeye.

"Si Bi Semeni," alisema.

"Nini?"

"Bi Semeni hakuligusa bega. Ni mimi, mama. Jumatatu ile. Nilimvuta mkono, nikataka kumsimamisha peke yangu."

Nehemia akainamisha kichwa.

"Wewe?" Zuwena alisema. "Wewe si umesomea?"

"Nimesomea. Sikuwahi kushika mtu. Tulikuwa tunatazama kwenye simu, tunaandika mtihani, tunafaulu. Kila ukisema mtaalamu ninaye ndani, nilitaka kukwambia. Niliona haya."

"Uliona haya." Zuwena akaketi kwenye benchi, mkoba mapajani. "Mimi nimemwachisha mume wangu kliniki miezi miwili. Nimewatangazia watu. Wewe uliona haya."

Afadhali angegomba. Alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

Bi Bertha hakuwapa muda wa kuzama. Alimweleza Zuwena kwamba bega litatibika, halitakuwa leo wala mwezi huu. Mkono ulazwe juu ya mto, usining'inie, na mtu yeyote asiuvute. Kisha akamwomba Fundi Sadalla jambo. Kama angekubali, leo angesimamishwa na wanafunzi, yeye mwenyewe Bi Bertha akiwa nyuma.

"Hapana," Zuwena akasema. "Mume wangu si wa kufanyiwa majaribio. Walichomfanyia kinatosha."

"Mama Samiha, ngoja kwanza." Fundi Sadalla aliwatazama wale vijana saba, mmoja mmoja, kama anayewachukua vipimo. "Hawa wote wamesoma kwenye simu?"

"Wote, baba," Samiha akajibu.

"Na mwakani wanapewa watu?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Nilipoanza kujifunza ufundi niliharibu kanzu ya bwana harusi. Mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Siku hiyo nilitaka kukimbia mji. Marehemu fundi wangu akaninunulia kitambaa kingine, akasimama nyuma yangu, akashika mkono wangu wenye mkasi, tukakata wote." Akavuta pumzi, maneno mengi yalimchosha. "Njoo, Samiha."

Samiha akatoka kwenye kundi la wenzake. Akapiga hatua mbele, safari hii karibu, karibu mpaka akasikia harufu ya mafuta ya karafuu kwenye shati la baba. Akamrudishia nyayo nyuma. Akamkinga goti bovu kwa magoti yake. Akapitisha mikono nyuma mpaka kwenye mfupa wa mgongoni, mbali na bega.

"Baba, niinamie. Pua ije mbele. Usiniogope."

"Sikuogopi. Unatetemeka wewe."

"Moja. Mbili. Tatu."

Fundi Sadalla akasimama. Uzito ulikuja, na Samiha hakurudi nyuma. Alisikia viganja vya Bi Bertha viko tayari kiunoni kwa baba, na alijua kwamba vimegusa tu, havikunyanyua. Wakasimama hivyo, baba na binti, mashavu yamekaribiana, mpaka hesabu ya nane. Kisha akamketisha, polepole, kwenye kiti.

Zuwena alikuwa amesimama pia bila kujijua. Akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akaketi, akatazama upande mwingine. Siku tatu nzima hakusema na binti yake ila salamu. Siku ya nne alimwamsha alfajiri amwonyeshe jinsi ya kumshika mzee, akajifunza kwa hasira, na akaweza kuliko wanafunzi wengi. Bega lenyewe lilidai miezi mitano. Mkono wa kushoto umerudi kushikilia kitambaa. Kupanda juu ya sikio haujapanda mpaka leo. Makorora Samiha alikwenda mwenyewe, akamweleza Bi Semeni kila kitu, naye Bi Semeni akamwambia alikwisha jua na kumkaribisha chai.

Ila Jumatatu hiyo bado kulikuwa na kazi. Bi Bertha alichukua daftari la Samiha, akatia saini kwenye kisanduku cha pili, amesaidia, akamrudishia. Samiha alitazama, akatikisa kichwa kukubali. Hakudai cha tatu. Alikipata wiki mbili baadaye.

"Basi twende nyumbani," Zuwena akasema, anakusanya vitu. "Umechoka, baba Samiha."

"Miezi mitatu nimekaa," Fundi Sadalla akajibu, jasho linamtoka kwenye paji la uso. "Nimepumzika vya kutosha." Akanyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea nyuma ya kundi. "Wewe mrefu, uliyejificha. Njoo."

Nehemia akajitazama, akatazama wenzake, akasogea. Alinawa mikono kwenye sinki, akaikausha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaja kusimama mbele ya kiti.

"Nikushike wapi, mzee?"

"Sogea kwanza, uko mbali. Magoti yako yaje hapa. Haya. Mikono pitisha nyuma." Fundi Sadalla akajiweka sawa kwenye kiti, akarudisha nyayo mwenyewe. "Hilo bega tu liache. Limekwisha kufundisha mtu."